Kodi Itoze Kilichobaki Mkononi

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kamari na kodi ya mapato, na nchi tutakayoitazama zaidi ni Marekani. Huko, fedha alizoshinda mtu kwenye kasino, kwenye mbio za farasi au kwenye bahati nasibu ni mapato sawa na mshahara, na ni lazima ziingizwe kwenye ritani ya kodi ya kila mwaka. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaona ni haki tupu. Muuguzi anakatwa kodi kwa jasho lake. Kwa nini aliyepata fedha kwa kubonyeza kitufe asamehewe? Kanuni hiyo siipingi. Ninachopinga ni namna ushindi huo unavyohesabiwa, na zaidi namna ukweli unavyothibitishwa pale mkaguzi wa kodi anapoanza kuuliza. Hoja yangu ni kwamba kodi ya mapato itoze kile kilichobaki mkononi mwa mtu, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuthibitisha kilichobaki aifanye yule anayeshika kumbukumbu, yaani kasino yenyewe. Sheria ya Marekani kwa sasa inakwenda kinyume katika yote mawili. Nasi wa Afrika Mashariki hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu serikali zetu nazo zimeona kwamba kwenye kubeti kuna fedha, na makosa ya wengine ni rahisi kuyaiga.

Tuanze na karatasi, kwa sababu katika kodi kila kitu huanza na karatasi. Kasino ya Marekani inapomlipa mteja ushindi unaofikia kiwango fulani, hutakiwa kujaza fomu iitwayo W-2G. Nakala moja hupewa mshindi, nyingine hupelekwa kwa idara ya mapato ya serikali kuu, yaani IRS. Kwa mashine za sloti kiwango hicho kilikaa kwenye dola 1,200 tangu mwaka 1977 hadi mwisho wa 2025, na kuanzia 2026 kimepanda kuwa dola 2,000. Dola 1,200 za mwaka 1977 ni zaidi ya dola 5,000 kwa thamani ya sasa. Kwa hiyo fomu iliyokusudiwa kumnasa mshindi mkubwa ilikuja kumnasa hata mtu wa kawaida aliyepata bahati ya jioni moja. Mashine inapotoa ushindi wa kiwango hicho hujifunga, mhudumu anafika, kitambulisho kinatolewa, namba ya hifadhi ya jamii inaandikwa, na fedha zinahesabiwa mkononi. Ushindi huo sasa una tarehe, saa, namba ya mashine na jina la mtu. Lakini mtu huyo akirudi kwenye kiti kilekile na kuzirudisha fedha zote mashineni, dola moja moja, hakuna anayekuja na fomu. Ushindi una karatasi inayofika serikalini moja kwa moja. Hasara haina.

Tuchukue mfano wa hesabu, msikilizaji, ili jambo lionekane wazi. Mfanyakazi mmoja, asiye na mke wala watoto, kwa mwaka mzima amechezea kamari dola 6,000 za mshahara wake. Ndani ya mwaka huo mashine imempa ushindi mkubwa mara nne, dola 2,500 kila mara, jumla dola 10,000. Zote akazirudisha mchezoni, na Desemba imemkuta hana hata senti ya kamari. Kwa macho ya jirani yake, mtu huyu amepoteza dola 6,000. Kwenye kompyuta ya IRS anaonekana amepata dola 10,000, kwa sababu fomu nne zimefika. Sheria inamruhusu kutoa hasara zake, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, hasara haziwezi kuzidi ushindi; zile 6,000 za mshahara wake zimekwenda na maji. Pili, mchezaji wa kawaida anaruhusiwa kutoa hasara endapo tu ameorodhesha makato yake yote moja moja badala ya kuchukua punguzo la jumla ambalo serikali humpa kila mlipakodi. Mwaka 2024 punguzo hilo kwa mtu asiye na ndoa lilikuwa dola 14,600, na takriban walipakodi tisa kati ya kumi hulichukua kwa sababu makato yao halisi hayafiki hapo. Ikiwa mtu wetu ana makato mengine ya dola 2,000, akijumlisha na 10,000 za kamari anapata 12,000. Bado yuko chini ya 14,600, na kuorodhesha hakumsaidii kitu. Kwa hiyo dola 10,000 zinaongezwa kwenye mapato yake bila kupunguzwa. Akiwa kwenye daraja la asilimia 22, anadaiwa dola 2,200 kwa mwaka ambao kamari imemfilisi. Haya hufanyika ingawa hajaficha chochote, wala hakuna aliyekosea hesabu. Sheria imefuatwa neno kwa neno.

Na hali hiyo imezidi kukazwa. Sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 ina kifungu kifupi kinachosema kwamba kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, mchezaji ataruhusiwa kutoa asilimia 90 tu ya hasara zake, tena bado zisizidi ushindi. Maana yake ni kwamba aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza dola 100,000, asiyebakiwa na kitu, atahesabiwa kuwa amepata dola 10,000. Safari hii kifungu kinamgusa hata mchezaji anayeishi kwa kamari kama kazi, ambaye huzungusha fedha nyingi ili abakiwe na faida ndogo. Mbunge Dina Titus wa Nevada, jimbo la Las Vegas, aliwasilisha mswada mwezi huohuo wa Julai kutaka hasara zirudishwe kwenye asilimia 100. Msikilizaji hahitaji kuipenda kamari ili aone kasoro iliyopo hapa. Mapato ni nyongeza kwenye mali ya mtu. Pasipo na nyongeza hakuna mapato, na kodi inayotozwa mahali pasipo na mapato inastahili kupewa jina jingine.

Sasa tufike kwenye ukaguzi, ambako ndiko maumivu yalipo. Tukisema ukaguzi tunamfikiria ofisa mwenye mkoba aliyekuja kukaa sebuleni. Mara nyingi huanza kwa ukimya zaidi ya hapo: kompyuta inalinganisha fomu zilizotumwa na kasino na ritani aliyojaza mtu, inakuta tofauti, na barua inatoka. Ikiwa mlipakodi amedai hasara, ataulizwa ushahidi. Mwongozo wa IRS wa mwaka 1977, unaotumika mpaka leo, unamshauri mchezaji awe na daftari lake mwenyewe lenye tarehe, aina ya mchezo, jina na anwani ya mahali alipochezea, majina ya aliokuwa nao, na kiasi alichoshinda au kupoteza. Kwa sloti anatakiwa aandike hata namba ya mashine. Kwa michezo ya mezani, namba ya meza. Daftari hilo liungwe mkono na risiti, tiketi, hundi na taarifa za benki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili walisema kweli zaidi ya walivyokusudia, kwa sababu hapa hata mali iliyokwisha kupotea hupotea mara ya pili: hasara isiyoandikwa inachukuliwa kuwa haikutokea. Juu ya kodi yenyewe kuna riba, na kuna adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua iwapo mkaguzi ataona kulikuwa na uzembe. Akithibitisha udanganyifu wa makusudi, adhabu hupanda hadi asilimia 75.

Mtu atauliza: kwani kasino haina kumbukumbu? Inazo, na nyingi kuliko anavyodhani mteja. Mchezaji wa sloti anayeingiza kadi yake ya uanachama kwenye mashine anaandikiwa kila dau: kiasi kilichoingia, kilichotoka, dakika alizokaa. Kwenye meza za karata msimamizi humtazama mteja, akakadiria dau lake la wastani na muda aliocheza, akaingiza makadirio hayo kwenye kompyuta. Fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 kwa siku, ziwe zimeingia au zimetoka, kasino hulazimika kuziripoti serikalini. Sheria ya usiri wa benki inazihesabu kasino kubwa kuwa taasisi za fedha tangu mwaka 1985, na inazitaka zitunze kumbukumbu hizo kwa miaka mitano. Tazama basi kumbukumbu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya nani. Za kadi zimetengenezwa kwa ajili ya biashara, ili kasino ijue nani apewe chumba cha bure na nani atumiwe tiketi ya chakula. Za fedha taslimu zimetengenezwa kwa ajili ya polisi na wapelelezi wa utakatishaji fedha. Mteja akiomba taarifa yake ya mwaka, yenye jumla ya alichoshinda na alichopoteza, hupewa, lakini kwa kawaida chini yake kuna maneno yanayosema kwamba ni makadirio tu na si hesabu rasmi. Mkaguzi akisoma maneno hayo anaisogeza karatasi pembeni. Na ana sababu: kadi inaweza kutumiwa na ndugu, na michezo iliyochezwa bila kadi haimo. Kwa hiyo kumbukumbu zilezile zinazotosha kumuuzia mtu kamari kwa ustadi, siku baada ya siku, zinaambiwa hazitoshi kuonyesha alichopoteza.

Historia inatusaidia kuona jinsi mambo yalivyogeuka. Kesi mashuhuri kuliko zote za kodi na daftari la kamari ni ya Al Capone, mkuu wa majambazi wa Chicago. Serikali ilishindwa kumpata na hatia ya mauaji, lakini wapelelezi wa kodi walipata daftari la hesabu lililokuwa limekamatwa kwenye nyumba moja ya kamari katika mji wa Cicero, wakamtafuta mtunza fedha aliyeliandika, na mwaka 1931 Capone akahukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato. Daftari la kamari lilitumika kumtoza mwenye nyumba ya kamari, aliyekuwa akibakiwa na faida kila usiku. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1934, Bunge la Marekani liliweka kanuni kwamba hasara za kamari zisizidi ushindi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya maana kwa wakati ule: watu walikuwa wanadai hasara bila kutaja ushindi wao, na hapakuwa na njia ya kuwahakiki. Kamari nyingi ilichezwa kwa siri na kwa fedha taslimu, na hakuna mashine iliyohesabu lolote. Kanuni ilizaliwa kutokana na giza. Leo giza halipo tena. Kila mzunguko wa sloti unahesabiwa, kila dau la kwenye simu lina muda wake hadi sekunde, lakini kanuni imebaki palepale, na mwaka 2025 imeongezewa makali.

Mahakama za Marekani zimejitahidi kulainisha mambo, na jitihada zao zenyewe ni ushahidi kwamba kuna tatizo. Mwaka 1930, katika kesi ya George M. Cohan, msanii maarufu wa jukwaani aliyetumia fedha nyingi bila kutunza risiti, Jaji Learned Hand aliamua kwamba mtu akithibitisha kuwa gharama zilikuwepo, kukosa hesabu kamili kusimnyime kila kitu. Mahakama ikadirie, ingawa kwa kumbana yule aliyezembea. Mwaka 1987, katika kesi ya Groetzinger, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilikubali kwamba mtu aliyebeti kwenye mbio za mbwa kwa saa 60 hadi 80 kwa wiki alikuwa anafanya kazi kama wafanyavyo wenye kazi nyingine. Katika mwaka uliobishaniwa alikuwa ametoa dau la dola 72,032 akarudishiwa dola 70,000. Mtu aliyepoteza zaidi ya dola 2,000 alilazimika kufika hadi mahakama ya juu kabisa ili ikubalike kwamba kamari ilikuwa kazi yake na hasara zake zisimletee kodi. Na mwaka 2020 Mahakama ya Kodi ilisikiliza shauri la mcheza sloti aliyekuwa na fomu za ushindi wa zaidi ya dola 350,000. IRS ilikubali sehemu tu ya hasara zake. Mahakama ilipotazama kumbukumbu za kasino na za benki, na kusikiliza maelezo ya mtaalamu kuhusu namna mashine hizo zinavyokula fedha, iliridhika kwamba hasara zililingana na ushindi au kuuzidi. Ukweli ulipatikana, lakini ulihitaji mtaalamu, jaji na miaka kadhaa. Mfanyakazi wa mfano wetu, anayedaiwa dola 2,200, hana uwezo wa kuajiri mtaalamu. Kwake ni rahisi kulipa kodi ya mapato asiyoyapata kuliko kutafuta haki yake.

Najua zipo hoja za kunipinga, nami nitazijibu moja baada ya nyingine. Ya kwanza, na yenye nguvu zaidi kwa wasikilizaji wetu, ni ya dini na maadili. Kamari Waislamu wanaiita haramu, na Wakristo wengi wanaihesabu kuwa dhambi. Kwa nini tumhurumie mchezaji? Akikatwa mara mbili si ataacha? Naiheshimu hoja hii, kwa sababu kamari imevunja nyumba nyingi na imekula ada za shule za watoto wasio na hatia. Lakini tuangalie adhabu hii inampiga nani. Haimpigi mwenye kasino, ambaye hutoa gharama zake zote kabla ya kuhesabu faida. Haimpigi sana aliyeshinda mara moja akaondoka na fedha zake. Huyo analipa kodi na bado ana kitu mfukoni. Inampiga yule aliyeshinda akarudisha, akashinda tena akarudisha tena, yaani mtu ambaye uraibu umemshika. Tukitaka kupunguza kamari, zipo njia za haki: kupunguza matangazo, kuongeza kodi ya mwendeshaji, kufunga milango usiku, kumruhusu mraibu ajifungie akaunti yake asiweze kuifungua. Kumtoza aliyefilisika kodi ya mapato ambayo hakuyapata ni kumwongezea deni, na mraibu mwenye deni hutafuta njia ya kulilipa palepale alipolipatia.

Hoja ya pili inasema wachezaji ni waongo. Wataokota tiketi zilizotupwa chini kwenye viwanja vya mbio na kuziita zao. Wataandika daftari la mwaka mzima usiku mmoja kabla ya kuonana na mkaguzi. Ni kweli, mambo hayo yametokea, na mkaguzi ana wajibu wa kuyashuku. Lakini hoja hiyo inaunga mkono ninachosema. Ikiwa daftari la mchezaji haliaminiki kwa kuwa ana maslahi, basi dawa ni kumbukumbu ya mtu asiye na faida katika kupunguza kodi ya mchezaji, na mtu huyo ni kasino. Kama sheria inaweza kuilazimisha kasino itume fomu ya kila ushindi mkubwa, inaweza pia kuilazimisha itume taarifa moja ya mwaka, iliyothibitishwa, ya fedha zilizoingia na zilizotoka kwa kila mteja aliyesajiliwa. Mchezaji anayetaka hasara zake zitambuliwe, acheze kwa kadi yake. Asiyetaka kusajiliwa, abaki na mzigo wa daftari lake. Mwongo atakosa pa kujificha, na mkweli hatalazimika kukusanya vipande vya karatasi.

Ya tatu ni ya faragha: je, hatuipi serikali jicho la kuchungulia starehe za watu? Jicho hilo lipo tayari, msikilizaji. Kasino inamjua mteja wake, serikali inapewa ripoti ya fedha taslimu na ya ushindi, na benki inajua kila alichotoa. Kinachokosekana ni ile sehemu ya taarifa inayomtetea mhusika. Siombi serikali ijue zaidi kuhusu mtu ili imbane. Naomba kwamba pale inapoamua kujua ushindi wake, ijue na hasara yake.

Ya nne inatoka kwa wale wanaosema suluhisho ni kuacha kabisa kumtoza mchezaji. Uingereza imefanya hivyo. Katika kesi ya Graham na Green ya mwaka 1925, mahakama iliamua kwamba hata mtu aliyeishi kwa kubeti kwenye farasi hakuwa anafanya biashara ya kutozwa kodi ya mapato, na mwaka 2001 serikali ikaondoa kodi iliyokatwa kwenye dau la mchezaji, ikatoza faida ya wapokea dau wenyewe. Mfumo huo una mantiki iliyonyooka. Kwa jumla ya wachezaji wote kamari ni hasara, na mwenye faida ya uhakika ni mwendeshaji; basi tozeni penye faida. Nchi inayoona hivyo siwezi kuilaumu. Lakini nchi iliyoamua, kama Marekani, kwamba kila mapato yatozwe bila kujali yametoka wapi, haiwezi kuishia nusu ya uamuzi wake. Ama imwache mchezaji na kumtoza mwenye nyumba, ama imtoze mchezaji kwa kilichobaki baada ya hasara. Kusimama katikati, kuhesabu ushindi wote na kupunja hasara, ni kutafuta mapato kwa njia ambayo mtoza kodi mwenyewe asingekubali itumike kwenye duka lake.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa Waswahili wanaoishi Marekani au wanaopita huko. Mkazi anayelipa kodi yuko chini ya kanuni zote nilizozieleza. Mgeni asiye mkazi, kwa mfano mtalii kutoka Dar es Salaam au Mombasa, anakutana na jambo gumu zaidi: ushindi wake wa sloti hukatwa asilimia 30 palepale, na sheria haimruhusu kutoa hasara hata kidogo. Mgeni kutoka Kanada ana nafuu kwa sababu nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaomruhusu kutoa hasara. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa aina hiyo. Michezo michache ya mezani, kama ruleti na blakijeki, imeachwa nje ya kanuni hiyo ya mgeni, lakini sloti haimo.

Njia ya pili ni sera za kwetu. Tanzania hukata kodi ya ushindi kupitia kwa mwendeshaji wakati wa kulipa. Kenya ilikata asilimia 20 ya ushindi kwa miaka kadhaa, na ugomvi wa kama dau la mchezaji mwenyewe lihesabiwe kuwa sehemu ya ushindi ulitikisa kampuni za kubeti mwaka 2019, zingine zikanyimwa leseni mpya na kufunga shughuli. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikabadili mkondo: ushuru wa asilimia 5 kwa fedha zinazowekwa kwenye akaunti ya kubeti, na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa fedha zinazotolewa. Mfumo huu ni mwepesi kukusanya na umemaliza ubishi wa maana ya ushindi. Lakini tupige hesabu. Kijana ameweka shilingi 1,000, zikakatwa 50, akabaki na 950. Akapoteza 450, akajuta, akatoa 500 zilizobaki. Hizo nazo zinakatwa 25. Kijana huyu hakushinda hata shilingi moja juu ya alichoweka, lakini amezuiliwa kodi inayohesabiwa kuwa ya mapato kwa ajili ya kurudisha fedha zake mwenyewe. Kiwango ni kidogo kuliko cha Marekani, lakini kosa ni lilelile la kutoza mwendo wa fedha badala ya faida. Tena Kenya haina kisingizio cha giza la mwaka 1934. Mamlaka yake ya mapato imekwisha kuunganisha mifumo yake na kampuni za kubeti na hupokea kodi hizo kila siku. Mashine inayojua kilichowekwa na kilichotolewa inaweza pia kukokotoa tofauti yake mwisho wa mwezi au wa mwaka, na kodi ikatozwa penye ziada peke yake.

Kwa mtu aliye chini ya sheria hizi leo, ushauri wangu ni wa vitendo. Asiingoje sheria ibadilike. Kama anacheza, aandike siku hiyohiyo, kabla ya kulala, aliingia na kiasi gani na akatoka na kiasi gani, wapi na kwenye mchezo upi. Atumie kadi yake mwenyewe bila kumwazima mtu, atoe fedha za kuchezea benki badala ya kutumia zile alizonazo mkononi, aombe taarifa ya kasino kila Januari na kuilinganisha na daftari lake. Ritani na vielelezo vyake avitunze kwa angalau miaka mitatu, kwa sababu huo ndio muda wa kawaida wa ukaguzi, na azidishe hadi sita kwa kuwa muda huo huongezeka pale mapato mengi yanapokuwa yameachwa nje ya ritani. Faida nyingine ya daftari hilo ni kwamba linamwonyesha mwenyewe ukweli wa kamari kwa tarakimu, na wako watu ambao tarakimu zimewaachisha kwa ufanisi kuliko mahubiri.

Lakini ushauri kwa mtu mmoja mmoja hauondoi wajibu wa wanaotunga sheria. Marekani irudishe hasara zote zitambulike, iziruhusu zitolewe kwenye ushindi kabla haujaingia kwenye mapato, bila kumlazimisha mtu aache punguzo lake la jumla, na izifanye kasino zitoe taarifa kamili zenye uzito wa ushahidi. Kenya, Tanzania na majirani zetu wachague mapema: ama watoze waendeshaji kwa faida yao, ama watoze wachezaji kwa ziada yao halisi. Mamlaka ya kodi humwomba mwananchi aseme ukweli wote kuhusu fedha zake, na humwadhibu akisema nusu. Mamlaka hiyo haina haki ya kumtoza kwa nusu ya ukweli, ilhali nusu ya pili imo kwenye kompyuta za kasino ambayo serikali yenyewe imeipa leseni.